Kuchoma, Kukeneka na Makinikia: Shahada ya Kemia na Lugha ya Dhahabu katika Ukanda wa Kahama na Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya lugha inayotumika kusomea shahada ya kwanza ya kemia nchini Tanzania tangu Kitivo cha Sayansi kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Historia hiyo inatazamwa kutoka ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, ambako wachimbaji wadogo wamejijengea msamiati wao wa kemia kwa Kiswahili bila msaada wa chuo wala kamusi. Makala yanadai kwamba tatizo la kemia kwa Kiswahili halikuwa uhaba wa istilahi. Lugha tatu za kemia, yaani ya darasa, ya kamusi na ya mwalo, zilikua sambamba bila kukutana. Vitenzi kuchoma na kukeneka, pamoja na nomino makinikia iliyoenea mwaka 2017, vinatumika kuonyesha gharama ya kutokukutana huko na uwezekano wa kuiondoa.

1.0 Utangulizi

Nyahanga ni kata ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga. Wakazi wa eneo hilo huzungumza Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa nyumbani, na Kiswahili sokoni, shuleni na kazini. Katika kizazi kimoja tu, migodi miwili mikubwa ya dhahabu ilifunguliwa katika mazingira ya Kahama: Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na Buzwagi, ulioanza mwaka 2009. Kaskazini, upande wa Geita, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya migodi hiyo mikubwa yametapakaa maduara ya wachimbaji wadogo pamoja na karasha zao.

Kijana anayetoka katika mazingira hayo kwenda kusoma shahada ya kemia hupita katika lugha tatu. Katika shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili, na hufika darasa la saba akiyajua maneno kama oksijeni na kabonidayoksaidi. Anapoingia kidato cha kwanza, kemia huanza kuwa somo linalojitegemea, na huanza kwa Kiingereza. Chuoni, mihadhara, vitabu, ripoti za maabara na mitihani vyote huwa kwa Kiingereza. Wakati huohuo, huko alikotoka, watu husaga mawe, huosha mchanga, hutumia zebaki, hupima sayanaidi na kuongeza chokaa, na shughuli hizo zote huziendesha kwa Kiswahili.

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia nchini Tanzania ni mkongwe. Kwa kiasi kikubwa umejikita katika shule za sekondari, na swali lake kuu limekuwa iwapo mwanafunzi anaelewa anachofundishwa. Swali la makala haya linaelekea upande mwingine: aliyekwisha kuelewa, akahitimu na kutunukiwa shahada, anaweza kumweleza nani alichojifunza, na kwa maneno gani? Katika ukanda wa dhahabu swali hilo si la nadharia tu, kwa kuwa kemia inayofanyika humo inaweza kumdhuru anayeifanya.

2.0 Shahada ya Kemia na Lugha Yake

Kabla ya miaka ya 1960, Mtanganyika aliyetaka shahada ya sayansi ilimbidi avuke mipaka. Mahali pa karibu palikuwa Makerere, chuo ambacho tangu mwaka 1949 kilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London na kuwaandaa wanafunzi wake kwa shahada za London. Mitaala, watahini na lugha vilitoka mahali pamoja. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria, nacho kilianza chini ya London. Mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kitivo cha Sayansi kilianzishwa mwaka 1965, na kuanzia hapo kemia ikaweza kusomwa hadi shahada ndani ya Tanzania. Mwaka 1970 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mfuatano huo wa matukio ni muhimu, kwa kuwa lugha ya shahada ya kemia haikuchaguliwa katika kikao chochote cha taifa huru. Ilirithiwa pamoja na maabara, vitabu na mfumo wa utahini. Miaka miwili tu baada ya Kitivo cha Sayansi kuanza, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka huohuo wa 1967. Mwaka 1970 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikawa sehemu ya chuo kikuu kipya, na Idara ya Kiswahili ikaanza kufundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili. Hivyo, katika kilima kimoja cha Mlimani, zilikuwapo taaluma iliyofundishwa kwa Kiswahili hadi shahada, taasisi iliyounda istilahi za Kiswahili, na idara ya kemia iliyofundisha kwa Kiingereza. Ujirani huo haukuzaa mazungumzo ya kudumu.

Fursa kubwa zaidi ya kubadili hali hiyo ilijitokeza mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipopendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985 na hatimaye kifike vyuo vikuu. Serikali haikulipokea pendekezo hilo. Mwaka 1984 utafiti wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo yao. Hata hivyo, hatua iliyofuata ilikuwa kuimarisha Kiingereza kwa mradi maalumu uliofadhiliwa na Uingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliendelea kukipa Kiingereza nafasi hiyo. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja na watu kupita ni jambo jingine: mihadhara ya kemia iliendelea kwa Kiingereza.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakikuingia kabisa katika maabara za chuo. Kiliingia kwa mdomo. Wanafunzi hujadiliana kwa Kiswahili wanapogawana kazi ya jaribio. Fundi wa maabara huonya kwa Kiswahili. Na mada inapokuwa ngumu, wanafunzi wenyewe huchanganya msimbo ili waelewane. Kilichokosekana ni Kiswahili kilichoandikwa, kikasahihishwa na kupewa alama. Lugha isiyosahihishwa na mwalimu wa taaluma hubaki lugha ya kusaidiana. Haipati nafasi ya kunoa istilahi zake.

3.0 Mwaka 1990: Kamusi Bila Darasa

Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kuchapishwa kwake kulikuwa kilele cha kazi ya miaka mingi ya kukusanya, kuunda na kusanifisha istilahi. Miaka mitatu kabla, Rajmund Ohly alikuwa amechapisha kamusi ya awali ya istilahi za ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, basi, hoja kwamba kemia haina maneno ya Kiswahili ilikuwa imeanza kupoteza nguvu.

Aidha, maneno ya kemia hayakuanza na wanaistilahi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tayari ina zebaki, tindikali na mrututu, yaani salfeti ya shaba iliyotumika kutibu vidonda. Magadi, chokaa, shabu, risasi na bati ni maneno ya jikoni, ya waganga, ya wajenzi na ya wahunzi. Mengi ya maneno haya yaliingia Kiswahili kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Zebaki, kwa mfano, lina asili ya Kiarabu. Juu ya tabaka hilo kongwe, wanaistilahi waliongeza tabaka la utohozi: atomi, molekuli, elementi, hidrojeni, asidi. Waliongeza pia tabaka la maneno yaliyoundwa kwa viambishi vya Kiswahili chenyewe, kama kichocheo na myeyusho. Pale tabaka zilipokutana, ushindani ulizuka. Tindikali na asidi bado zinaishi pamoja, na hivyohivyo kiberiti na salfa, ingawa kiberiti kimelemewa na maana ya njiti za kuwashia moto.

Ushindani wa namna hii ni wa kawaida katika lugha yoyote inayokua, na wataalamu wa istilahi za Kiswahili, akiwamo H. J. M. Mwansoko, wameujadili kwa kina. Kwa kawaida ushindani huo huamuliwa na matumizi. Mwalimu huchagua istilahi moja, mwanafunzi huizoea, mtahini huikubali, na mwandishi wa kitabu kinachofuata huirudia. Kamusi ya mwaka 1990 haikupata mzunguko huo katika ngazi iliyokusudiwa kuitumia. Mwanafunzi wa shahada ya kemia angeweza kusoma miaka mitatu na kuhitimu bila kulazimika kuifungua. Istilahi zake zilisanifiwa kabla ya kutumiwa, kisha zikangoja kutumiwa.

Mwaka huohuo wa 1990, Benki Kuu ya Tanzania ilianza mpango wa kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo. Uchimbaji mdogo ulishakuwapo, lakini kupatikana kwa mnunuzi halali kuliuongezea kasi, na kanda ya ziwa ilikuwa kitovu chake. Matukio hayo mawili hayakuhusiana kwa namna yoyote. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa lugha, kuangukia kwake katika mwaka mmoja kunatoa taswira kamili: wakati kamusi ya kemia ya Kiswahili ikikosa wasemaji, idadi ya watu waliofanya kemia kwa Kiswahili bila kamusi ilikuwa ikiongezeka.

4.0 Lugha ya Mwalo

Msamiati wa wachimbaji wadogo una utaratibu wake. Shimo huitwa duara. Mawe yenye dhahabu husagwa katika karasha, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na kutiwa irabu za Kiswahili bila kupitia kwa mtaalamu yeyote. Unga wa mawe huoshwa kwa maji katika mwalo. Kandokando ya Ziwa Viktoria, mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa. Katika machimbo, ni mahali mchanga unapooshwa ili dhahabu, iliyo nzito, ibaki nyuma. Neno limehama kutoka uvuvi hadi uchimbaji likibeba wazo lilelile la mahali ambapo mavuno ya kazi huonekana kwa mara ya kwanza. Kazi nzima huitwa kuchenjua, na mabaki yanayohifadhiwa ili yachenjuliwe tena huitwa marudio, nomino iliyoundwa kwa ustadi kutokana na kitenzi rudia. Maneno uchenjuaji na marudio sasa yamo pia katika lugha rasmi ya serikali kuhusu madini. Katika hayo, ofisi ilijifunza kutoka kwa duara.

Hatua mbili za uchenjuaji zinahusu kemia moja kwa moja. Ya kwanza ni ya zebaki. Mchanga mzito uliobaki huwekwa katika karai au beseni pamoja na zebaki, na huchanganywa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Wachimbaji husema kwamba zebaki hukamata dhahabu. Sitiari hiyo si mbaya kikemia: zebaki huungana na dhahabu na kufanya aloi, na mchanga huachwa nje. Aloi hiyo hukamuliwa katika kitambaa, kisha huwekwa juu ya moto, na kitendo hicho huitwa kuchoma.

Hapo ndipo neno linapoanza kupotosha. Katika Kiswahili, kitu kikichomwa kikatoweka, huchukuliwa kuwa kimekwisha. Kuni zikichomwa hubaki majivu. Karatasi ikichomwa siri yake huteketea. Zebaki, hata hivyo, haiungui katika moto huo. Huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi na kugeuka mvuke, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1064. Ndiyo maana dhahabu hubaki. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Huvutwa na aliye karibu, kisha hupoa na kurudi kuwa zebaki juu ya paa, katika udongo na katika maji. Kitenzi kuchoma kinaeleza vizuri kilichotokea kwa macho, na kinaficha kilichotokea kwa kweli.

Kitenzi sahihi kipo, nacho si kigeni. Kamusi za Kiswahili zina keneka, yaani kukigeuza kioevu kuwa mvuke kwa joto, kisha kuupoza mvuke huo uwe kioevu tena. Mwanafunzi wa kemia hufanya jaribio hilo mapema sana katika masomo yake, kwa jina la Kiingereza. Kile chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho wataalamu wamekuwa wakiwahimiza wachimbaji kukitumia ili zebaki isitawanyike, ni chombo cha kukenekea, wala si kingine. Anayeamini kwamba zebaki huungua huona chombo hicho kama gharama isiyo na maana, kwa kuwa kilichoungua hakiwezi kukusanywa. Anayejua kwamba zebaki hukeneka huona papo hapo kinachoweza kuokolewa, yaani pafu lake pamoja na zebaki aliyoinunua.

La kushangaza zaidi ni kwamba wazo lenyewe limo katika Kiswahili cha kila siku cha ukanda huo. Gongo huitwa pia pombe ya moshi. Msemaji wa kawaida anayetumia jina hilo anakubali, bila kufundishwa na mtu, kwamba kitu kinachopaa kutoka chunguni kinaweza kupozwa na kudondoka kikiwa kimiminika kilekile chenye nguvu. Elimu ya kukeneka ilikuwa kijijini kabla ya mhitimu yeyote kurudi. Iliyokosekana ni sentensi moja ya kuiunganisha na zebaki.

Madhara ya kukosekana huko yamepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rwamagasa, katika eneo la Geita, palikuwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO. Utafiti wa kiafya uliochapishwa na Bose-O'Reilly na wenzake mwaka 2010 uliwalinganisha watu wa Rwamagasa na wa Katoro, ukaonyesha kwamba walioathirika zaidi walikuwa wale wanaochoma, na kwamba baadhi yao walikuwa na dalili za sumu sugu ya zebaki. Matokeo hayo, kama matokeo mengi ya kemia inayohusu ukanda huo, yaliandikwa kwa Kiingereza.

Hatua ya pili ni ya sayanaidi, inayotumika kuchenjulia marudio. Mbinu hiyo ilipewa hataza huko Glasgow mwaka 1887 kwa majina ya MacArthur na Forrest. Ndani yake mna karibu muhtasari wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kemia: oksijeni ya hewa huioksidisha dhahabu, sayanaidi huizunguka na kuifanya iyeyuke katika maji, kisha kaboni huinasa. Chokaa huongezwa ili mmumunyo ubaki upande wa besi, kwa sababu ukiegemea upande wa asidi hutoa gesi ya sayanaidi ya hidrojeni, ambayo huua. Mchenjuaji anajua kwamba chokaa lazima iwekwe. Mwanafunzi anajua kwa nini. Maarifa hayo ni nusu mbili za kitu kimoja, na kila nusu imehifadhiwa katika lugha yake.

5.0 Makinikia: Kemia Inapoingia Uwanjani

Mwaka 2017 unatoa mfano wa kinyume. Mwezi Machi serikali ilizuia usafirishaji nje wa shehena za madini zilizotoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya kwanza, iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, iliwasilisha ripoti yake Ikulu tarehe 24 Mei. Ya pili, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, iliwasilisha yake tarehe 12 Juni. Mawasilisho yote mawili yalirushwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Kampuni iliyomiliki migodi hiyo ilizipinga hesabu za kamati, na mgogoro ukaendelea hadi makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020. Ubishi wa hesabu hizo uko nje ya mipaka ya makala haya. Linalohusika hapa ni lugha.

Mwanzoni vyombo vya habari viliita shehena hizo mchanga wa dhahabu. Kikemia jina hilo lilipotosha. Hazikuwa mchanga uliochotwa ardhini, bali zao la kiwanda: mawe yaliyosagwa, yakachanganywa na maji na kemikali, kisha hewa ikapulizwa ili chembe zenye salfa, shaba na dhahabu zielee juu ya mapovu na kukusanywa. Neno makinikia, ambalo nje ya sekta ya madini lilikuwa halijazoeleka, lilijaza nafasi hiyo. Katika muda wa wiki chache lilikuwa magazetini, vijiweni, katika daladala na bungeni.

Umbo la neno hili linastahili kuangaliwa. Kitenzi makinikia, kutokana na makini, kilikuwa kikimaanisha kukiangalia kitu kwa umakini. Inaelekea nomino ni zao la tafsiri mkopo, kwa kuwa neno la Kiingereza linalolingana nalo hubeba maana zote mbili, ya kuelekeza fikra na ya kitu kilichokolezwa. Kwa kawaida tafsiri mkopo ya namna hiyo ingekuwa na hatari ya kukataliwa. Lakini silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha ngeli ya 6, na wasemaji wakaipokea kama nomino ya ngeli hiyo: makinikia haya, makinikia yamezuiwa. Haikupata umoja, wala haikuuhitaji, kama ilivyo kwa maji, mafuta na maziwa. Sarufi ya Kiswahili ilikuwa na chumba tayari kwa ajili ya vitu visivyohesabika, na mgeni akaingia.

Pamoja na makinikia, hadhira ya taifa ilisikia majina ya elementi ambazo wengi hawakuwahi kuzisikia nje ya darasa: iridiamu, rodiamu, litiamu. Walizijadili, wakatofautiana na kutaniana kwazo. Haikuhitajika kamati ya usanifishaji kuwashawishi. Jambo liliwahusu, nalo lilisemwa kwa lugha yao.

Aliyesimama katikati ya mjadala huo, Rais John Magufuli, alikuwa mwenyewe zao la shahada ya kemia. Alizaliwa Chato, ambayo leo imo katika mkoa wa Geita, akafundisha kemia na hisabati katika Sekondari ya Sengerema, akapata shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu katika masomo hayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988, akafanya kazi ya ukemia katika Chama cha Ushirika cha Nyanza, na mwaka 2009 akatunukiwa uzamivu wa kemia. Mtu anaweza kuzipima siasa zake kwa mizani yoyote. Kwa historia ya lugha, ukweli mmoja unabaki: mtu wa ukanda wa dhahabu aliyesomea kemia kwa Kiingereza tangu sekondari hadi uzamivu aliongoza kwa Kiswahili mjadala wa kemia uliokuwa na wasikilizaji wengi kuliko mwingine wowote nchini. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya cheo na ya tukio. Wahitimu wengine hawana Ikulu ya kuzungumzia, na shahada yao haikuwaandaa kwa jukwaa dogo zaidi.

6.0 Je, Istilahi Zinatosha? Funzo kutoka Minamata

Mfano wa makinikia unaweza kumfanya msomaji ahitimishe haraka kwamba kemia ikifundishwa kwa Kiswahili, zebaki haitamdhuru mtu tena. Historia ya Japani inatahadharisha dhidi ya hitimisho hilo. Katika miaka ya 1830 na 1840, Udagawa Yoan alichapisha kitabu cha kemia kwa Kijapani, kwa kutegemea vitabu vya Kiholanzi, na ndani yake akaunda maneno ya oksijeni, hidrojeni na naitrojeni ambayo Wajapani wanayatumia hadi leo. Naitrojeni aliiita chisso.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1956, ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulitambuliwa rasmi katika mji wa wavuvi wa Minamata. Chanzo chake kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali, ikaingia katika samaki na kuwafikia walaji. Kampuni yenye kiwanda hicho iliitwa kwa neno lilelile la Yoan: Chisso. Serikali ya Japani ilikitamka rasmi chanzo hicho mwaka 1968, miaka kumi na miwili baadaye. Nchi hiyo haikukosa istilahi, vitabu wala wakemia waliosoma kwa lugha yao. Kilichokosekana ni wakemia wa kiwanda kusema na wavuvi, na kusema mapema.

Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliokubaliwa mwaka 2013 umepewa jina la Minamata. Tanzania ilitia saini mwaka huo na kuuridhia mwaka 2020. Funzo lake kwa wanaistilahi ni la unyenyekevu. Neno haliokoi mtu kwa kuwepo kwake kamusini. Huokoa pale mwenye maarifa anapolazimika kulitumia mbele ya asiye nayo, na asiye nayo anapokuwa na nafasi ya kuuliza. Lugha ya pamoja haileti mazungumzo hayo yenyewe, lakini bila lugha hiyo hayawezi hata kuanza.

Kwa msingi huo, mabishano ya kuchagua kati ya Kiswahili na Kiingereza katika shahada ya kemia hayahitaji kumalizika kabla ya hatua kuchukuliwa. Wanaotetea Kiingereza wana hoja ya kweli: majarida, vifaa na soko la ajira la mkemia vinakihitaji. Hoja hiyo inamzuia mwanafunzi kuacha Kiingereza. Haimzuii kuandika Kiswahili. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo na tasnifu ya mwaka wa mwisho zinaweza kudai muhtasari wa Kiswahili unaosahihishwa na kupewa alama, ulioandikwa kwa ajili ya msomaji aliyeishia darasa la saba. Kazi hiyo ingempa mwanafunzi sababu ya kuifungua kamusi ya mwaka 1990, na ingewapa wanaistilahi wa leo ushahidi wa neno lipi linafanya kazi na lipi limekwama. Ingemlazimu pia kujua kwamba anachokiita kwa Kiingereza mabaki ya uchenjuaji, nyumbani kwao kinaitwa marudio.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tangu mwaka 1965 kemia nchini Tanzania imekuwa na maskani tatu. Darasa lilipata nadharia na vyeti, kamusi ikapata istilahi sanifu, na mwalo ukapata wasemaji. Kila maskani ilikuwa na kitu ambacho nyingine zilikihitaji. Mwaka 2017 ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kemia mbele ya taifa zima pale jambo linapogusa maslahi ya watu, na kwamba sarufi yake haina ukinzani wowote na istilahi ngeni. Kuchoma na kukeneka, kwa upande mwingine, vinadhihirisha kwamba pale maskani hizo zinapobaki mbalimbali, pengo hulipwa na mwili wa mtu.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu msamiati wa machimbo yenyewe, ambao hubadilika haraka na ambao sehemu yake kubwa bado inaishi midomoni tu. Utafiti huo haupaswi kuachiwa wanaisimu peke yao. Watu wenye nafasi nzuri zaidi ya kuufanya ni wanafunzi wa kemia wanaorudi likizo katika kata kama Nyahanga, wanaokijua kiwango cha mchemko cha zebaki na ambao, jioni wakiwa nyumbani, bado huwasikia jamaa zao wakisema kwamba leo wamechoma.